Raba za tangi la mafuta: majibu kwa wenye magari ya zamani

Safari hii maswali karibu yote yamehusu kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona: vipande vya raba vinavyolala kati ya tangi la mafuta na bodi, au kati ya tangi na mikanda ya bati inayolibeba.

Nina Datsun 240Z ya 1972. Nikipita barabara ya vumbi kuna kitu kinagonga nyuma. Shokapu nimebadilisha, bado kinagonga. (Arusha)

Ingia chini, shika tangi kwa mikono miwili, lisukume juu kisha pembeni. Likicheza, umempata mwizi wako. Tangi la 240Z huchukua lita 60 hivi na hubebwa na mikanda miwili ya bati. Lita ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo likijaa ni kilo 45 zinazoruka kwenye kila shimo. Raba zikishakauka na kusinyaa, bati linasugua bati. Kelele ni nafuu. Tabu huanza rangi inapokwanguka na kutu kuingia kwenye mkanda, maana mkanda ukikatika hautoi taarifa.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina masharti. Tembelea gari mpaka mafuta yabaki kidogo, yaliyobaki yatoe kwa pampu ya mkono. Habari za kunyonya mpira kwa mdomo tuziache. Toa waya hasi wa betri, na fanyia kazi nje penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama. Ndiyo maana shimo la gereji ni mahali pabaya kuliko pote pa kushushia tangi. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake.

Kabla ya kulegeza nati, weka ubao juu ya jeki ya pili uegemeze tangi. Likishuka, pima unene wa raba ya zamani pale ambapo haikubanwa. Usidharau kipimo hiki: raba nene mno hulishusha tangi, na shingo ya kujazia mafuta hailingani tena na mpira wake; ikiwa nyembamba mno, mkanda unafika mwisho wa nyuzi za bolti kabla haujakaza. Sugua kutu, piga rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa, ndipo ubandike raba mpya. Wakati wa kufunga, kaza mpaka raba ibonyee kidogo. Ukiona bati la tangi linaingia ndani, umezidisha.

Fundi wangu anataka kukata tyubu ya tairi. Anasema mpira ni mpira. (Morogoro)

Mwambie hapana, kwa adabu. Mpira wa tyubu ukipata petroli huvimba na kulainika. Unachohitaji ni raba ya naitrili, ile inayotumika kwenye gasketi na sili za mafuta. Waliokuuzia wakikuhakikishia bila wewe kuridhika, loweka kipande kidogo kwenye petroli ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, uiache nje usiku mzima, kisha linganisha na kipande kikavu. Sponji na vipande vya blanketi nimeviona pia. Hivyo hunywa maji ya mvua na kuyatunza juu ya bati.

MGB yangu haivuji tangi likiwa nusu, lakini nikijaza kabisa nasikia harufu na naona matone. (Leicester)

Huo ni ugonjwa unaojulikana wa MGB. Tangi liko chini ya sakafu ya buti, na vipande vilivyowekwa katikati hushika unyevu, hivyo kutu hula tangi kutoka juu, mahali ambapo jicho halifiki. Raba mpya hazitakuponya; shusha tangi, na kwa dalili hizo jiandae kununua jingine. Ukifunga, usizungushe raba mfululizo. Acha nafasi ili maji yapite.

Tangu nibadilishe raba, geji ya mafuta imekufa. (Mombasa)

Furahi, maana huenda kazi umeifanya vizuri mno. Kwenye magari mengi ya zamani kifaa cha kupimia kilichomo tangini hupata arthi kupitia bati la tangi lenyewe. Sasa tangi limekaa juu ya raba na rangi mpya, haligusi bodi. Pima kwa mita kati ya tangi na bodi. Kama umeme haupiti, funga waya wa arthi kutoka kwenye tangi hadi bodi iliyosuguliwa safi.

Volkswagen Beetle inanuka petroli ndani, je, ni raba za tangi? (Tanga)

Anza na mipira ya mafuta na ya hewa iliyo mbele, hasa kama gari lako lina mdomo wa kujazia nje ubavuni. Mpira wa shingo hupasuka. Kamba ya raba iliyo chini ya ukingo wa tangi ni muhimu pia, kwa kuwa tangi la Beetle limekaa kwenye uwazi wa sakafu mbele, na likikosa kamba hiyo maji ya magurudumu hupanda hadi kwenye mizigo. Bolti ni nne tu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nimekuta tundu dogo. Nalichomelea? (Dodoma)

Usithubutu. Tangi tupu huwa na mvuke, na mvuke ndio unaolipuka, hata ukiliosha kwa maji. Lipeleke kwa wanaotengeneza matangi na wenye vifaa vya kuliondolea mvuke, au nunua jingine.