Jibu: Bissell ya mvuke ya mtumba, niitumie au niiache?

Dada, umeuliza kama Bissell Steam Shot, kile kifaa cha mkononi cha kusafishia kwa mvuke, uliyonunua ya mtumba soko la Kibuye ni kati ya zile zilizoondolewa sokoni Marekani. Tafadhali usiichomeke kwenye umeme kwanza. Soma kibandiko cha modeli: ukiona 39N7 au 2994, ndiyo hiyo. Julai 2024 wenye mashine hizo (mashine zenyewe ni kama milioni 3.2 kule Marekani) waliambiwa waache kuzitumia mara moja. Maji moto au mvuke ulikuwa unaruka nje na kumchoma mtu, hata kifaa kikiwa bado kinapasha joto. Ripoti zilikuwa 183, na 157 ni za watu walioungua. Tangazo lilisema ni majeraha madogo, lakini wewe umeandika una mtoto anayetambaa.

Shemeji yangu hapa Nakuru aliunguzwa na kifaa cha mvuke cha aina nyingine, alipofungua kifuniko aongeze maji kabla hakijapoa. Ngozi ya mkono ilijikunja kama utando wa maziwa. Tulimshikilia chini ya bomba dakika 20, hakuna dawa ya meno wala mafuta.

Halafu angalia volti. Za Marekani ni 120, na stima yetu ni 240, kwa hiyo hata modeli ikiwa salama, bila transfoma usijaribu.

Ikiwa ndiyo hiyo, kata waya wake kabisa ndipo uitupe. Ukiirudisha sokoni nzima, atainunua mama mwingine.