Tunafyeka Nyasi Kila Mwezi, Mbona Malaria Haiondoki?

Swali: Mkutano mkuu wa kijiji chetu, katika bonde la Kilombero, uliazimia kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kaya zote zitoke kwa msaragambo, kufyeka nyasi na kuchoma taka, ili tuitokomeze malaria. Mwaka umepita, na watoto wanaendelea kupelekwa zahanati kama zamani. Watu wamekata tamaa, na wasiotoka hawalipi tena faini. Tumekosea wapi? (Mjumbe wa kamati ya afya ya kijiji, Morogoro)

Jibu: Ndugu mjumbe, hamkukosea kukubaliana wala kutoka pamoja, kwa maana vijiji vingi havifiki hata hapo. Kilichokosewa ni mahali mnapopeleka nguvu zenu, pamoja na idadi ya siku mnazoziacha zipite kabla ya kurudi.

Mbu hazaliwi kwenye nyasi, bali hupumzika humo tu. Jike hutaga mayai kwenye maji, nayo mayai huanguliwa viluwiluwi ambavyo, katika joto la bondeni, huwa mbu kamili wenye kuruka ndani ya wiki moja hadi mbili hivi. Kijiji kinachosafisha mara moja kwa mwezi, hata kingesafisha mahali panapostahili, huwapa mbu nafasi ya kukamilisha safari hiyo mara mbili au zaidi.

Tena si kila maji yanayozaa mbu wa malaria. Wale wanaojaa kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu kwa kawaida ni mbu wa jamii ya Culex, ambao husumbua usiku na huweza kueneza matende, lakini hawaambukizi malaria. Mbu wa malaria ni wa jamii ya Anopheles. Mmoja wao, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vya muda vyenye jua, kama vile nyayo za ng'ombe na mashimo ya matairi barabarani. Mwingine, Anopheles funestus, kwa upande wake, hutafuta maji yanayodumu na yenye majani: kingo za vijito vinavyokwenda polepole, mabwawa, na visima vilivyochimbwa kwa mkono. Huyu wa mwisho ndiye ningependa mumfahamu vizuri, kwa sababu watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, waliochunguza vijiji vya bonde lenu, walimkuta akibeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi, ingawa hakuwa mwingi kuliko mbu wengine.

Habari hiyo inaweza kutisha, lakini mimi naiona kuwa ya matumaini. Maji anayoyapenda funestus ni machache, hayahami, na wakati wa kiangazi, vidimbwi vingine vinapokauka, yanabaki wazi machoni pa kila mtu. Na anayeyajua vyema si mtaalamu anayekuja kwa gari na kurudi mjini jioni, bali ni mchungaji anayenyweshea ng'ombe hapo, mama anayechota maji hapo, na kijana anayefyatua tofali pembeni yake. Ujuzi huo hauuzwi dukani, nao mnao tayari.

Kwa hiyo ningeshauri kila kitongoji kichague watu wawili, ambao mnamo Agosti au Septemba watazunguka pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na wachungaji, wakichora ramani ya kila mahali maji yanapobaki. Panapozibika pazibwe, panapochimbika mtaro uchimbwe. Msaragambo wenu utumike huko, na nyasi ziacheni. Pasipozibika, ikiwa ni pamoja na majaruba ya mpunga ambayo ndiyo riziki yenu, kuna viuadudu vya kibaolojia vinavyoua viluwiluwi, ambavyo hutengenezwa katika kiwanda cha Kibaha, na serikali ya kijiji inaweza kuwasilisha ombi lake kwenye halmashauri ya wilaya. Dawa za aina hiyo hudumu majini kwa siku chache, na kwa kawaida hulazimu kurudiwa kila wiki. Katika mpango ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004, wakazi wa mitaa wenyewe ndio walioajiriwa kukagua maji eneo kwa eneo kila wiki, wakifuata mipaka ya nyumba kumi kumi. Zingatieni neno hilo, waliajiriwa. Kazi ya kila wiki haibebwi na msaragambo wala na faini, hivyo hao wawili wa kila kitongoji watengewe posho katika bajeti ya kijiji, hata ikiwa ndogo.

Sitaki, hata hivyo, muweke tumaini lenu lote hapo. Eneo la Majete, Malawi, wanakijiji walishughulikia mazalia ya mbu na kuziba mianya ya nyumba kwa miaka miwili, na watafiti waliowafuatilia hawakuona upungufu wa malaria uliozidi ule ulioletwa na vyandarua na tiba za kawaida. Chandarua chenye dawa, kipimo cha haraka na dawa mseto vibaki kuwa nguzo, na kazi ya mazalia iongezwe juu yake.

Swali: Siku hizi tunaambiwa mbu wanauma nje kabla ya watu kulala. Je, chandarua bado kina maana? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Lindi)

Jibu: Kina maana kubwa. Ni kweli kwamba Anopheles arabiensis, mbu mwingine wa malaria, huweza kuuma nje na mapema jioni, lakini sehemu kubwa ya kuumwa bado hutokea usiku wa manane watu wakiwa vitandani. Vyandarua vya chapa ya Zuia Mbu vilipoenezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la watoto wadogo kunusurika. Endelea kuwaambia wazazi hivyo, mama, na unapoingia nyumbani angalia kama kimetundikwa na kuchomekwa chini ya godoro.

Swali: Tuna mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa. Tuyafukie? (Kikundi cha wakulima, Kisii)

Jibu: Msiyafukie kabla ya kujaribu kurudisha samaki. Huko huko kwenu Kisii, watafiti waliweka ngege katika mabwawa ya namna hiyo, na viluwiluwi vya mbu wa malaria vikapungua kwa zaidi ya asilimia 94. Ng'oeni majani ya kingoni, ambako viluwiluwi hujificha samaki wasivifikie, na kila mnapovua wote, wekeni wengine mara moja.