Dripu ya kasi kwa mtoto mwenye homa kali
Wengi wanadhani mtoto mwenye homa kali akilegea na mikono ikapoa, kumfungulia dripu ya kasi ndo kumponya; hapana jamani. Utafiti wa FEAST wa 2011 ulioongozwa na Dk. Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa kule Kilifi, ulichukua watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, hata Muheza walikuwemo, na waliopewa maji ya kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48, karibu asilimia 10.5 wakati wenzao 7.3. Mi ni nesi wa dharura hapa Dar, siku hizi tunahesabu matone huku tunampapasa vidole kama vimeanza kupata joto. Ila wa kuharisha na walioungua hawakuwemo kwenye utafiti huo; aliyekauka kwa kuharisha, huyo maji anapewa, na haraka.