Dripu Haitoshi Kumpa Mgonjwa Kitanda

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wanaokagua mafaili ya wodi ni hili: mgonjwa aliyeingizwa kwa dharura, utajuaje kama kweli alistahili kulazwa? Usianzie kwenye ugonjwa uliogunduliwa baadaye. Funika karatasi ya kuruhusiwa, soma maandishi ya mapokezi na ya saa 24 za mwanzo tu. Daktari wa zamu aliamua kwa alichokiona usiku ule, nawe mpime kwa hicho hicho.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni AEP (Appropriateness Evaluation Protocol), fomu ya kukagua kama kulazwa kulistahili, kilichochapishwa Marekani mwaka 1981. Kina mafungu mawili, na kigezo kimoja kikitimia kinatosha. La kwanza ni hali ya mgonjwa: kupoteza fahamu ghafla, kuvuja damu, mapigo ya moyo chini ya 50 au zaidi ya 140 kwa dakika, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90 au zaidi ya 200, potasiamu ya damu chini ya 2.5 au zaidi ya 6. La pili ni huduma: upasuaji ndani ya saa 24, kupimwa presha na mapigo angalau kila baada ya saa mbili, dawa au maji ya mshipani. Watoto wana fomu yao.

Hapo kwenye mshipa ndipo kipimo kinapovuja. Mtu ana malaria isiyo kali, anakunywa, anatembea, hatapiki. Akitundikiwa dripu mapokezi, fomu inasema anastahili. Uliza dripu ilitundikwa kwa nini. Tafuta kutapika kila kitu, degedege, kushindwa kukaa, upungufu mkali wa damu. Artesunate ya mshipani, dawa ya malaria kali, ina ratiba: dozi ya mwanzo, nyingine baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ya kwanza. Ukikuta dozi moja kisha vidonge asubuhi, ama malaria haikuwa kali, ama mgonjwa alipunjwa dawa.

Chati tupu ni balaa jingine. Presha isiyoandikwa haihesabiki, na mahututi anaonekana mzima. Huyo mweke kwenye "haijulikani", usimtie kwa wasiostahili.

Wakaguzi wawe wawili, kila mmoja ajaze bila kuona fomu ya mwenzake. Wakitofautiana, daktari mzoefu aamue na aandike sababu. Na aliyeonekana hakustahili, andikeni kilichomweka: usafiri haukuwepo, kwao mbali, chumba cha altrasaundi kimefungwa hadi asubuhi. Funguo za chumba hicho hanazo daktari wa zamu, msimbebeshe lawama.