Viazi vya kuponda vinanata na kukaukia bafe: nifanyeje?

SWALI: Habari mpishi. Nina biashara ndogo ya kupikia watu kwenye sherehe hapa Nakuru. Siku hizi wateja wanaomba viazi vya kuponda, na hicho ndicho chakula kinachonitia aibu. Nanunua viazi aina ya Shangi sokoni, natia kwenye maji yanayochemka, vikiiva namwaga maji, halafu navisaga kwa blenda pamoja na maziwa na majarini. Vinatoka laini, lakini vinanata kama gundi na kuvutika na mwiko. Siku nyingine vinakuwa majimaji. Na vikikaa bafe saa moja, juu vinaota ngozi na pembeni vinakauka. Nina sherehe ya watu 50 hivi karibuni. Ninunue kilo ngapi na nivipike vipi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada, anza kwa kuirudisha blenda kabatini. Shida yako ya kwanza inatoka hapo, na huwezi kuiponya kwa kubadilisha maziwa wala majarini.

Wanga wa kiazi umefungiwa ndani ya seli ndogo ndogo. Kiazi kikipata moto wa nyuzi 60 hadi 70 hivi, chembe za wanga hufyonza maji na kuvimba. Joto likizidi hapo, ule utomvu unaozishikanisha seli nao hulegea, ndiyo maana kiazi kilichoiva humeguka. Ukiponda kwa upole, seli huachana zikiwa nzima na wanga wake ndani, na mdomoni unasikia ulaini usio na utelezi. Kisu cha blenda kinazipasua seli zenyewe. Wanga uliovimba unamwagika, unakutana na maziwa, na matokeo yake umeshayaona. Mnato huo hauondoki. Ukiongeza maziwa utapata mnato mwepesi, basi. Chakula kikishafika hapo, kigeuze matumizi: kipoze, tia yai, dania na chumvi, zungushia nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa, ukaange katlesi.

Tumia chuma cha kupondea viazi, kile chenye vitundu au mawimbi, ukikipeleka juu na chini tu. Kwa sufuria kubwa, mwiko mnene wa kupondea mukimo (viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga) unafaa sana, ila jihadhari na mkono uliozoea ugali. Kusonga, yaani kukandamiza huku unazungusha, kunapasua seli vilevile, japo polepole kuliko blenda. Mukimo hupondwa kwa nguvu na hakuna anayelalamika, kwa kuwa mlaji anautaka ushikane. Anayeomba viazi vya kuponda na mchuzi anataka kitu kingine. Ponda vikiwa vya moto sana, acha vikiisha mabonge. Kama unataka ulaini wa hotelini, vipitishe kwenye chekecheo la waya kwa kuvisukuma na upawa kidogo kidogo. Ni kazi ya mikono na inachosha, lakini haina madhara ya blenda.

Sasa kuhusu majimaji. Hapa sababu ni mbili au tatu, na mara nyingi huja pamoja.

Shangi si kiazi kibaya kwa kazi hii. Kinaiva upesi na kina unga wa kutosha kikiwa kimekomaa. Tatizo ni kwamba bei ikipanda, wakulima wengine huchimba mapema, na kiazi kichanga kina maji mengi na wanga kidogo. Sugua ganda kwa kidole gumba: likichubuka kirahisi, hicho ni kichanga, kipeleke kwenye mchuzi au karanga. Ukitaka uhakika zaidi, koroga kikombe 1 cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, utumbukize viazi vichache vibichi. Vyenye unga mwingi huzama, vya majimaji huelea. Fanya jaribio hilo kwa viazi vitatu au vinne vya kila gunia kabla hujalipa, kama muuzaji atakuvumilia. Vyenye rangi ya kijani usichukue kabisa. Ukijani wenyewe hauna sumu, ila unaonyesha kiazi kimepigwa na mwanga, na mwanga huohuo huongeza solanini, ambayo ni sumu, ni chungu na haiondoki kwa kuchemsha. Shangi pia huwahi kuchipua, kwa hiyo nunua siku mbili au tatu kabla ya sherehe, usiweke akiba ya mwezi. Wala usiviweke kwenye friji. Baridi hiyo hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na utapata viazi vitamu visivyotakiwa.

Sababu ya pili ni kutumbukiza viazi kwenye maji yanayochemka. Nje panaiva na kumomonyoka kabla moyo haujalainika. Ukingoja moyo uive, nje pameshanywa maji; usipongoja, unapata mabonge. Kata vipande vinavyolingana, kama sentimita 4 kila upande, suuza mara moja kuondoa wanga wa juu, kisha vifunike kwa maji baridi yanayovipita kwa vidole viwili. Tia chumvi vijiko 2 vya chai kwa kila lita. Chumvi inayoingia wakati wa kuchemka husambaa ndani ya kiazi, na ukiitia mwishoni utajikuta unakoroga zaidi ili ienee. Yakianza kuchemka punguza moto yatokote taratibu. Mchemko wa fujo unavunja Shangi.

Muda unategemea uko wapi. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Kisumu, chini kando ya ziwa, ni karibu 96, na ukienda kupika Molo, juu zaidi, utapata 92 hivi. Ndiyo sababu dakika 15 zinazoandikwa kwenye mapishi ya watu wa pwani au wa Ulaya hazikutoshi. Kwa vipande vya ukubwa niliotaja, hesabu dakika 20 hadi 25 tangu maji yachemke, na huko Molo ongeza kidogo. Hata hivyo amini kisu kuliko saa: kipite hadi katikati bila kukwama, na kipande kimeguke ukikibana na uma. Usitie limau, nyanya wala maziwa lala kwenye maji ya kuchemshia. Asidi hufanya kiazi kikatae kulainika hata ukikesha.

Sababu ya tatu ni hatua ambayo wengi huiruka. Ukishamwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria ileile, moto mdogo kabisa, bila kifuniko, dakika 2 au 3, ukiitikisa sufuria mara kwa mara. Mvuke utapanda kwa wingi, kisha utapungua, na kingo za viazi zitakuwa nyeupe zenye vumbi. Hapo ndipo vina nafasi ya kunywa siagi na maziwa. Na kama vimeshapondwa na bado vina maji, usitie unga wa ngano wala wa mahindi. Vitandaze kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, uvigeuze kwa upole mvuke utoke, au uchemshe viazi vingine vichache, uvikaushe na uvichanganye humo.

Siagi kwanza, maziwa baadaye. Mafuta yakitangulia hupaka wanga uliokwisha kutoka kwenye seli, na maziwa yakija hayaukorogi kuwa uji mzito. Majarini inafaa kwa bei, lakini soma kopo: baadhi ya zile za kupaka mkate zina maji mengi kuliko siagi, na ladha yake ni ya chumvi, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza. Maziwa yawe ya moto bila kuchemka, yamiminwe kwa awamu. Usiyamwage yote kwa sababu karatasi imesema hivyo. Viazi vya gunia hili havinywi sawa na vya gunia lile.

Hesabu ya watu 50 ni hii. Ukimenya vizuri unapoteza kama sehemu moja kati ya tano, zaidi kidogo ukiwa na Shangi yenye macho ya kina. Kilo 10 sokoni zitakupa kilo 8 zilizomenywa. Hizo zinataka siagi gramu 600 na maziwa lita 1.2 hadi 1.5, na utatoka na takriban kilo 10 za chakula, yaani gramu 200 kwa kila sahani. Kwa urahisi, kila kilo unayonunua na maganda yake inarudi kama kilo mezani. Gramu 200 ni kipimo cha mlo usio na wanga mwingine. Kama kuna wali na chapati kando, gramu 120 zinatosha, kwa hiyo nunua kilo 6 au 7. Usiziweke kilo 8 kwenye sufuria moja; maji yatachelewa kuchemka, vya chini vitapondeka kwa uzito, na kuponda kwenyewe kutachukua muda mrefu hadi vya mwisho vipoe. Gawa sufuria mbili, uzianzishe kwa kupishana dakika 15.

Kwenye bafe, ngozi inatokana na hewa kukausha uso, na ukavu wa pembeni unatokana na chombo kugusa moto moja kwa moja. Weka maji ya moto katikati ya moto na chombo. Viazi vitoke jikoni vikiwa laini kidogo kuliko unavyotaka viliwe, kwa kuwa vitazidi kuwa vizito vikikaa. Sawazisha uso, mimina juu yake utando mwembamba wa maziwa ya moto, funika, na uyachanganye wageni wakianza kupanga foleni. Peleka nusu tu. Nusu nyingine ibaki kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Joto lisishuke chini ya nyuzi 60. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia mchemko na kuamka chakula kikiwa vuguvugu, na chakula chenye maziwa na wanga kinawapendeza. Maliza kuponda dakika 45 kabla ya kula, si asubuhi. Baada ya saa mbili vitaliwa, ila ladha ya siagi itakuwa imeanza kuchoka.

Viungo viwe vichache: pilipili manga, au vitunguu saumu vilivyochemka pamoja na maziwa kisha vikachujwa.

Ukitaka kinga ya ziada kwa kazi kubwa, kuna njia ambayo viwanda vya viazi vilivyokaushwa hutumia. Kabla ya kuchemsha, weka vipande kwenye maji ya nyuzi 70 kwa dakika 30, moto mdogo, mvuke ukionekana lakini mapovu hayapandi. Vitoe, uvipoze kwenye maji baridi dakika 30, kisha vichemshe kama kawaida. Wanga uliovimba hujikaza ukipoa, na hata seli chache zikipasuka baadaye mnato unakuwa mdogo. Kipimajoto cha jikoni kinahitajika hapa, kwani kukisia kwa macho kutakupeleka nyuzi 80 bila kujua, na hapo umevipika tu mara mbili. Hatua hii inaweza kufanywa asubuhi, vipande vikakaa kwenye friji hadi saa ya kuchemsha. Hata hivyo, haikupi ruhusa ya blenda.