Launcha za Windows kwenye Linux: kabla hujamaliza bando soma hapa

Kila mara kuna mshkaji ananitumia meseji kwamba kahamia Linux, kaweka Wine (programu inayowasha programu za Windows kwenye Linux), kabonyeza setapu ya launcha yake, yaani ile programu ya kushushia na kuwashia gemu, dirisha jeusi limetokea na limebaki hivo hivo jeusi. Mi mwenyewe yalinikuta, tena nilichoma bando la mwezi mzima, ndo maana naandika hii.

Kwanza jiulize, hiyo launcha unaihitaji kweli? Kama gemu zako ziko Epic, GOG au Amazon wala usihangaike na launcha ya Windows, weka Heroic, hiyo ni programu ya Linux kabisa, unaingia na akaunti yako, inashusha gemu, Wine inaingia kazini pale unapotaka kucheza tu. Ila za EA, Ubisoft na Battle.net hapo hamna ujanja, lazima launcha yenyewe iwake ndani ya Wine. Mi natumia Lutris, programu ya Linux ya kupanga na kuwasha gemu, maana skripti za kuziinstoli zipo tayari, ikigoma naenda Steam, naiongeza ile setapu kama gemu isiyo ya Steam, nachagua Proton (Wine ya Steam) kwenye propatizi, naiwasha, ikishamaliza narudi kubadilisha njia ielekee kwenye exe ya launcha iliyoinstoliwa, maana ukisahau hiyo basi kila ukibonyeza inafunguka setapu upya na utadhani umekosea kitu kikubwa.

Sasa kilichonimaliza mimi ni diski. Nilikuwa na patisheni (kipande cha diski) ya Windows ya zamani, NTFS yaani mfumo wa faili wa Windows, ina nafasi kubwa, nikasema si niweke kila kitu humo humo. Siku tatu nashusha upya, gemu haiwaki. Kumbe Wine mara ya kwanza unapoianzisha inatengeneza foda linaloitwa prefiksi, linalojifanya diski C, na ukilifungua utakuta foda jingine la dosdevices, ndani yake kuna kiungo kimeandikwa c: yaani c na nukta mbili. Windows hairuhusu nukta mbili kwenye jina la faili, so kwenye NTFS hapo ndo panapoharibika. Prefiksi iweke kwenye patisheni ya Linux, ext4 inatosha kabisa. Na gemu uliyokwishaishusha Windows usiifute jamani! Kopi foda lake lote upeleke ext4, alafu kwenye Heroic tumia sehemu ya kuimpoti, itaitambua na hutashusha upya ma-GB yote yale.

Kingine, kila launcha ipe prefiksi yake. Ukizichanganya, siku moja ikijiapdeti ikavuruga, zote zinakufa pamoja, lakini ikiwa peke yake unafuta foda moja unaanza tena dakika kumi, wenzie hawana habari.

Laptopu za mtumba nazo ziangalie. Proton ni Wine ile ile iliyoanza 1993, Valve, wenye Steam, wakaitoa 2018 ikiwa na DXVK, ambayo inageuza Direct3D (mfumo wa grafiki wa Windows) kuwa Vulkan (mfumo wa grafiki unaofanya kazi Linux), sasa DXVK kuanzia toleo la 2.0 inataka Vulkan 1.3, na grafiki za Intel kizazi cha 4 hazifiki huko. Kabla hujashusha chochote andika vulkaninfo --summary kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, usome namba ya Vulkan. Ukikuta iko chini ya 1.3 jaribu DXVK 1.10.3 kwa gemu za zamani, kwa mpya usijitese.

Na kuna gemu ambazo hata ufanye nini hazitawaka, sio kosa lako wala la Wine. Valorant na Fortnite zina ulinzi dhidi ya wadanganyifu na wenyewe hawajaufungulia Linux. Zingine zenye ulinzi huo zinacheza vizuri tu kwa sababu waliozitengeneza wamekubali, kwa hiyo ingia ProtonDB kwanza, tovuti ambayo wachezaji wanaeleza gemu gani zinawaka kwenye Linux, tafuta jina la gemu yako, soma maoni ya hivi karibuni sio ya miaka mitatu nyuma, uone wenzio wametumia Proton ipi, ndo ununue bando.