Nge yuko kwenye kuni, mwalimu

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mwalimu hapa Mafinga. Septemba nawapeleka wanafunzi 24 Ruaha, na tutalala siku mbili kwenye mahema pale Tungamalenga. Sisi wa huku kwenye baridi nge hatujamzoea. Shemeji yangu anasema nimwage mafuta ya taa kuzunguka kila hema. Yanasaidia kweli?
Mwalimu mwenye hofu, Mafinga

JIBU: Marahaba mwalimu, kamwene. Mafuta ya taa mwachie shemeji. Hema la nailoni, nyasi zilizokauka za Septemba na watoto 24: hapo unatafuta moto, si nge. Majivu nayo utaambiwa. Mimi nimemwona nge akikatiza majivu ya jiko langu bila hata kupunguza mwendo.

Nimepika kambini upande ule wa Idodi miaka 19, nikaumwa mara mbili, na zote mbili mimi ndiye niliyemfuata. Ya kwanza nilikumbatia kuni usiku. Gome lililobanduka ndiyo nyumba yake, mchana kutwa yumo humo. Ya pili ilikuwa asubuhi ya kuondoka: niliingiza mkono chini ya hema nilikunje, kumbe alishajificha hapo kulipokuwa kunapambazuka. Mkono ulinipwita mpaka usiku.

Basi kuni ziokotwe mchana, kila gogo ligongwe chini kabla ya kubebwa, na rundo likae mbali na mahema. Hema likikunjwa, linyanyuliwe kwa pembe kwanza, watazame chini, ndipo mkono uende. Zipu ifungwe muda wote. Viatu viingie ndani na soksi zisokomezwe mdomoni; asubuhi vikung'utwe hata hivyo. Malapa kwenda chooni usiku, marufuku.

Halafu wakala wako wa pesa akuazime ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Giza likiingia, zunguka nayo mahema: nge anang'aa kijani kama kapakwa rangi. Watoto hawatasahau somo hilo. Mwenye magando makubwa kama ya kaa kwa kawaida sumu yake si kali. Wa kuogopa ni mwenye magando membamba na mkia mnene. Yeyote yule, aondolewe kwa koleo refu, si kwa kijiti cha mvulana anayejionyesha.

Akiuma, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, mpe dawa ya maumivu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi atalia usiku mmoja tu. Lakini mtoto akianza kutoka mate, misuli kurukaruka, macho kuzungukazunguka au kuhema kwa shida, msingoje kuche, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Kwa hiyo dereva wa basi msimruhusu arudi kulala Iringa mjini. Madereva wa safari za shule nawajua.